Nina stesheni tatu tu za kupimia matetemeko, nitajuaje ufa wa tetemeko ni wa aina gani?

Dagaa_Mwanga: Wakuu habari za jioni. Juzi usiku huku Mwanga Kigoma vikombe kabatini viligongana kama kuna mtu anaosha vyombo, bi mkubwa akatoka nje na kanga moja. Sasa nasoma jiolojia, nimeshusha rekodi za Mbarara Uganda, Kilima Mbogo Kenya na Lusaka Zambia, upande wa Congo sina kitu. Wimbi la P (lile la kwanza kufika) Mbarara na Lusaka linaanza kwa kushuka, yaani ardhi inaanza kwenda chini, Kilima Mbogo halieleweki, kelele tupu. Naandika ufa ni wa ardhi kutanuka, si tuko bonde la ufa bwana?

Mwisho_wa_Reli: Bonde la ufa sio ushahidi mkuu, hayo ni mazoea. Mbarara iko kaskazini yako, Lusaka kusini, yaani zote mbili zimekaa kwenye mstari wa ziwa. Ufa wa kutanuka unaofuata ziwa utazishusha zote, ila hata ufa wa kuteleza kiubavu, mgandamizo ukiwa kaskazini-kusini, nao utazishusha vilevile. Shahidi wako ni huyo wa mashariki unayemdharau. Ingekuwa kiubavu, P ya Kilima Mbogo ingepanda tena waziwazi, ikiwa ni kutanuka inakuwa hafifu karibu na sifuri. Chuja kelele halafu linganisha ukubwa wa P na wa S, lile wimbi la pili linalofuata.

Mgebuka: Na kina cha tetemeko umeweka ngapi? Programu ikikosa data inajiwekea kilomita 10 yenyewe na watu wanaiamini, wakati Bukoba 2016, lile la ukubwa 5.9, lilikuwa kwenye kilomita 40 hivi. Kina kikibadilika pembe ya wimbi kutoka chini inabadilika na picha yote inahama.

Dagaa_Mwanga: Eeh ilikuwa 10 kweli 😅 Nimechuja, Kilima Mbogo P inashuka kiduchu sana, S imejaa. Nimejaribu kina 10 hadi 35, kutanuka bado kunakubali.

Mwisho_wa_Reli: Basi andika "inaelekea". Usiseme ufa umeinamia mashariki au magharibi, hesabu inakupa nyuso mbili zinazowezekana za ufa na haikuchagulii, hapo unahitaji vitetemeko vya baadaye vimejipanga wapi. Halafu hakikisha Lusaka haijapinduliwa nyaya, maana hapo juu na chini vinabadilishana, chukua tetemeko kubwa la mbali uone kama inaanza sawa na stesheni za jirani.

Dagaa_Mwanga: Poa mkuu, naishusha leo kwa bando la usiku.