Mjadala: Je, bajeti za timu za baiskeli ziwekewe kikomo? Tukiisubiri Tour de France ya 2026

Ndugu wapenzi wa baiskeli wa Dodoma na Kanda ya Kati, tarehe 4 Julai 2026 Tour de France itaanzia Barcelona, Hispania, na itamalizikia Paris tarehe 26, baada ya hatua 21 na kilomita 3,333. Sisi tunaoifuatilia jioni, kwa kuwa hatua nyingi humalizika karibu saa kumi na mbili na nusu kwa saa zetu, tumeanza kubishana mapema mwaka huu, na hoja inayotugawa ni moja: je, UCI, chama kinachosimamia mchezo huu duniani, kiziwekee timu kikomo cha matumizi, au kila mdhamini aachwe atumie kadiri ya uwezo wake? Mimi nasema kikomo kiwekwe, ila sababu yangu si ile inayotajwa na wengi.

Wengi hudai kikomo ili kumzuia Tadej Pogačar. Mslovenia huyo ameshinda Tour mwaka 2020, 2021, 2024 na 2025, na akishinda tena atawafikia Anquetil, Merckx, Hinault na Indurain, wenye mataji matano kila mmoja. Timu yake, UAE Team Emirates, ni tajiri, hilo halina ubishi, lakini siamini kwamba fedha ndizo zilizomfanya awe Pogačar. Mwaka 2020, akiwa na miaka 21, aliingia hatua ya 20 akiwa nyuma ya Primož Roglič kwa sekunde 57. Siku hiyo kila mtu alipanda La Planche des Belles Filles peke yake dhidi ya saa, na kulipokucha kesho yake alikuwa akiongoza kwa sekunde 59. Septemba 2025 pale Kigali, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, alivaa sare ya taifa lake, si ya mwajiri wake, akalitoroka kundi zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Mtu wa namna hiyo hazuiliwi na kikomo cha bajeti.

Anayetaka kuona fedha zinafanya kazi wapi, aende Bahi kwa baiskeli mwezi wa Julai, kisha arudi mchana. Kwenda ni raha, upepo unakusukuma mgongoni. Kurudi, upepo wa kipupwe unakujia usoni kwa zaidi ya kilomita 50, vumbi linaingia mdomoni, na ukiwa peke yako unaona kama tairi limekwama kwenye lami. Tukiwa wanne tunapokezana: wa mbele anaukata upepo kwa dakika chache, anajitoa pembeni, anarudi nyuma na kujificha karibu kabisa na tairi la mwenzake, hadi pumzi yake irudi. Timu ya Tour ina watu wanane, na kazi ya saba kati yao ni hiyo. Timu tajiri huwanunua saba ambao kila mmoja angeweza kuwa nahodha kwingine. Mwaka 2022 timu ya Jumbo-Visma, inayoitwa Visma sasa, ilimfanyia Pogačar hivyo hivyo: Roglič na Jonas Vingegaard walimshambulia kwa zamu kwenye mlima Galibier, na kwenye Col du Granon akaachwa, akaipoteza jezi ya njano ya anayeongoza mbio.

Sasa nije kwenye sababu yangu. Biniam Girmay wa Eritrea ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, tarehe 1 Julai 2024 mjini Turin, na alimaliza mbio zile akiwa na ushindi wa hatua tatu na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Tazameni alikopitia. Delko ya Ufaransa, timu iliyompa mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, ilivunjika mwaka 2021 kwa kukosa fedha, mwaka uleule alioihama. Intermarché ya Ubelgiji, aliyoishindia hatua zile tatu, ililazimika kuungana na Lotto mwishoni mwa 2025. Timu ya Afrika Kusini, ambayo kwa jina la MTN-Qhubeka iliwapeleka Waeritrea Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus kwenye Tour ya 2015, na Teklehaimanot akavaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima, ilipoteza nafasi yake katika daraja la juu mwishoni mwa 2021 kwa kukosa mdhamini. Milango mitatu, na hakuna hata mmoja uliobaki kama ulivyokuwa. Kijana wa Kondoa au Manyoni akijaliwa miguu kesho, atabisha hodi kwa nani?

Mchango kutoka Kondoa

Kaka yangu mleta hoja, maneno yako yamenigusa, lakini hayajanishawishi. Kati ya 2012 na 2019, Sky, iliyoitwa Ineos baadaye, ilishinda Tour mara saba kati ya nane, nne kati ya hizo kwa miguu ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Wakati ule pia ilisemekana kwamba mchezo umekufa. Tangu Egan Bernal mwaka 2019 timu hiyo haijashinda tena, na hakuna kikomo kilichowekwa; walikuja wengine wakafanya kazi vizuri zaidi.

Pili, mchezo huu hauna viingilio. Dodoma Jiji ikiikaribisha Simba au Yanga kwenye Uwanja wa Jamhuri, mlangoni kuna fedha zinazokusanywa. Kwenye kona 21 za Alpe d'Huez watu wanasimama bila kulipa, na fedha za televisheni za Tour zinakwenda kwa ASO, kampuni inayoandaa mbio, si kwa timu. Ukimzuia mdhamini mkubwa, fedha zake hazitahamia kwa maskini. Zitatoka mchezoni kabisa. Tudai mgawo wa televisheni, kaka, tuache kubana mifuko ya watu.

Jibu la mleta hoja

Ndugu yangu wa Kondoa, kuhusu televisheni tuko pamoja, tena ningeweka jambo hilo kwanza. Lakini kikomo hakikusudiwi kuhamisha fedha. Kinakusudiwa kuhamisha waendeshaji. Mwaka 2025 Isaac del Toro alikuwa wa pili Giro d'Italia na João Almeida wa pili Vuelta a España, na wote wawili wanalipwa na timu ileile ya Pogačar. Mmoja wao akilazimika kuondoka, timu ya kati inampata nahodha, na mdhamini hufuata nahodha. Kuhusu Sky, ni kweli iliporomoka, ila aliyechukua nafasi yake ni tajiri mwingine, na katika miaka hiyo Delko ikafa.

Mchango kutoka Mpwapwa

Naomba kuuliza jambo moja, kaka zangu. Nani atakagua? Mshahara unaweza kufichwa ndani ya mkataba wa matangazo na kampuni ndugu ya mdhamini, na baadhi ya wadhamini wana nchi nzima nyuma yao. Mimi ni mhasibu, na ninajua hesabu safi zinavyoweza kuficha mengi.

Jibu la mleta hoja

Dada, Formula 1 iliweka kikomo mwaka 2021, na Oktoba 2022 Red Bull ikatozwa faini ya dola milioni 7 kwa kukivuka. Ukaguzi unawezekana pakiwa na nia.

Mchango kutoka Mpwapwa

Lakini kikomo hicho cha Formula 1 hakihesabu mishahara ya madereva. Kwenye baiskeli mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo mfano wako umeruka sehemu ngumu.

Jibu la mleta hoja

Hapo umenibana, dada, na sitajifanya nina jibu kamili. Pengine tuanze na idadi ya waendeshaji wa kiwango cha juu ambao timu moja inaruhusiwa kuwasajili, kwa kuwa idadi haifichiki kama mshahara, na hapo mhasibu wetu atanisahihisha nikikosea.

Ninachoomba ni kwamba tuipime hoja hii kwa macho. Tarehe 24 Julai hatua ya 19 itamalizikia Alpe d'Huez, na kesho yake hatua ya 20 itarudi mlima uleule kwa njia nyingine, baada ya Croix de Fer, Télégraphe na Galibier, wenye kimo cha mita 2,642, na kupanda zaidi ya mita 5,000 kwa siku moja. Kila mmoja wetu awe na karatasi. Kilele cha Galibier kikifikiwa, tuandike waliobaki kundi la mbele na timu zao: UAE wangapi, Visma ya Vingegaard wangapi, na timu nyingine zote kwa pamoja wangapi. Jumapili ile, kabla msafara haujaingia Paris, tuziweke hesabu zetu hapa, na ndugu wa Kondoa aanze yeye.