Je, kupima mahubiri ni kukosa heshima?

Muulizaji: Wapendwa, mhubiri wetu alisoma Yeremia 29:11, ahadi ya Mungu ya amani na tumaini, akatuahidi mafanikio ya haraka, nami nikabaki na mashaka. Je, nakosea kulipima neno la mtumishi?

Jibu la 1: La hasha. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kulipokea neno huku wakiyachunguza Maandiko kila siku (Matendo 17:11). Sasa katika Yeremia 29, ambayo ni barua ya nabii kwa Wayahudi waliohamishwa utumwani Babeli, hebu rudi nyuma mstari mmoja tu: wa 10 unataja miaka 70 ya Babeli, maana yake wengi walioletewa barua ile wangefia ugenini. Ahadi ni ya kweli. Haraka ndiyo haimo.

Jibu la 2: Tena Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inaonya kwamba hata ishara ikitimia, anayewavuta watu kwa miungu mingine asisikilizwe.

Muulizaji: Asanteni. Nimeisoma sura nzima. Nitamwendea faraghani, kwa upole.