Wino wa printa ya nyumbani: nifanyeje ili gharama ipungue?

Swali: Ndugu zangu, printa niliinunua kwa bei nafuu, lakini seti mbili za katriji (vikasha vya wino) tayari zimenigharimu zaidi ya printa yenyewe. Jana iligoma kuchapa barua ya maandishi meusi matupu, kisa wino wa manjano umekwisha. Je, nijaze katriji upya au nibadilishe printa?

Jibu la kwanza: Pole sana. Printa hizo huuzwa rahisi kwa makusudi, faida ikitafutwa kwenye wino. Usitazame bei ya katriji peke yake. Igawe kwa idadi ya kurasa iliyotajwa kwenye boksi, ambayo mara nyingi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, kwani katriji ndogo ndiyo aghalabu huwa ghali kwa kila ukurasa.

Jibu la pili: Katriji za kujaza nimezitumia kwa muda mrefu na zinafaa, ila sasisho la programu ya printa linaweza kuikataa ghafla chipu iliyo kwenye katriji. Moja ilinivujia, nikakuta karatasi zina mistari ya buluu.

Jibu la tatu: Mimi ningeuliza kwanza unachapa mara ngapi. Ukichapa mara chache, wino hukauka kwenye matundu ya kichwa cha kuchapia, na kila usafishaji hunywa wino mwingine bila kutoa hata ukurasa mmoja. Kama ni maandishi tu, chukua printa ya leza inayochapa rangi nyeusi tu, kwa maana tona, yaani wino wake, ni unga na haikauki. Anayechapa rangi kila siku ndiye anayefaidi printa ya tangi, ile unayoimiminia wino badala ya kubadilisha katriji.

Muulizaji: Nashukuru. Rangi siihitaji, nitatafuta ya leza.