Eti Toyota IST ni "pochi yenye matairi"? Mods msiunganishe huu uzi

Chuma_Kidogo:
Wakuu, yule jamaa mnamjua, simtaji. Leo kwenye uzi wa matairi kaandika mbele za watu: "IST ni pochi yenye matairi." Pochi! Injini 2NZ, cc 1298, vali zinaendeshwa kwa cheni badala ya mkanda, oili hata lita nne haimalizi, inaitwa pochi!

Na msemaji ni nani? Mwenye Toyota Crown Athlete yenye injini ya 4GR inayotetemeka kwenye foleni kama ina malaria. Ile injini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na chochote, masizi yanaganda. Dawa ni kufungua manifodi, ile mirija ya kupitishia hewa, na kukwangua vali zikiwa zimejifunga, uchafu usidondokee ndani. Yeye kang'oa themostati, ile inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, eti isichemshe! Sasa injini haifiki joto lake, kompyuta inajua bado alfajiri, inazidisha mafuta. Ila taji la kwenye grili linapigwa polishi kila Jumamosi.

Yule hakununua gari, kanunua saluti ya mlinzi wa hoteli. Na "namba E", ile herufi ya kwenye pleti, haimtoki mdomoni. Herufi inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania, haionyeshi limeundwa lini. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho, msome lebo kule chini: 2004. Kikongwe cha 2004 kinamwita mwenzie pochi!

Pochi, wakuu. Yenye matairi.

Babu_Spana:
Povu lote hili si ungeoshea hiyo pochi?

MamaTwins:
Zipu yake iko upande gani? 😂

Boksa_Tupu:
Toyota kwa Toyota mnachekana. Njooni Subaru, injini EJ20. Kubadili plagi tu fundi anatoa betri na boksi la hewa kwanza, maana plagi ziko ubavuni mwa injini. Ule mngurumo unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Ukifunga yanayolingana unapotea, na mwenye gari anataka arudishiwe yale ya zamani.

Chuma_Kidogo:
Mkuu uzi unahusu pochi.

Kona_Kali:
Adui yetu ni hawa wanaochomeka balbu za LED kwenye taa za halojeni. Chanzo cha mwanga hakikai pale kioo kilipopangiwa, mwanga wote unamwagika machoni mwa anayekuja.

MamaTwins:
Hapo umenena. Na taa zilizopauka njano zinasafishwaje?

Babu_Spana:
Bandika tepu pembeni, rangi isiguswe. Msasa namba 800 na maji, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi. Malizia na kinga ya jua, bila hiyo zinapauka tena.

Chuma_Kidogo:
Jamani, kaniita pochi!

Kona_Kali:
Msasa wa 2000 Kariakoo unapatikana duka gani?