Nivumilie, niache kazi, au niende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)?

mtunza_stoo:
Wakuu, habari za jioni. Nipo kampuni binafsi hapa Dar, stoo ya vipuri, mwaka wa 4 sasa. Daftari la mahudhurio linapigwa mstari mwekundu saa 2 kamili asubuhi. Ukisaini chini ya mstari mara tatu, siku moja ya mshahara imekwenda. Mpwa wa bosi anaingia saa 3, na juu ya mstari kaachiwa nafasi yake. Jioni tunatoa mzigo hadi saa 2 usiku, ovataimu hakuna, tunaambiwa "sisi ni familia". Nikilalamika HR, kesho yake supavaiza ananirudishia maneno yangu yote. Nivumilie huku natafuta kwingine, niandike barua, au niende CMA? Kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao.

mkaa_tandika:
Acha kazi mkuu. Afya haina spea.

dada_wa_mishahara:
@mkaa_tandika kodi utamlipia wewe? Mtoa mada, piga hesabu kwanza. Ukiacha kwa hiari yako, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia sahau. Hicho ni cha aliyeachishwa. Likizo ambayo hukwenda watakulipa. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, usije ukaondoka kwa hasira.

babu_wa_geti:
Mimi CMA nimefika. Unaanza na usuluhishi, unakaa meza moja na HR wako, mkishindwana ndipo uamuzi. Tatizo ni siku. Aliyeachishwa ana siku 30, madai mengine siku 60. Jirani yangu alikwenda siku ya 41 tangu afukuzwe, akatakiwa aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze alikuwa wapi siku zote hizo. Halafu tusidanganyane: ukimpeleka bosi CMA huku bado uko kazini, mstari mwekundu utahamia saa 1 na nusu.

dada_wa_mishahara:
Kweli babu. Ila sheria ya ajira ya 2004 inamtambua pia aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri kafanya pasikalike. Anahesabiwa kaachishwa. Kazi ni kuthibitisha, na watu wengi wanajimaliza kwenye barua: wananakili ya mtandaoni, "nashukuru kwa ushirikiano mlionipa". Ukishashukuru, utamwambia nini msuluhishi?

mtunza_stoo:
Duh. Yangu ya jana inaishia "nawatakia mafanikio mema".

dada_wa_mishahara:
Ifute 😂 Mkataba unao?

mtunza_stoo:
Nakala wanayo wao tu.

dada_wa_mishahara:
Iombe kwa maandishi, ubaki na ushahidi kwamba uliomba. Na hizo saa za usiku utazithibitishaje? Kawaida ni saa 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kwa mdomo hulipwi.

mtunza_stoo:
Delivari noti. Kila moja ina saa na sahihi ya dereva. Ziko kwenye boksi la betri chini ya kaunta.

babu_wa_geti:
Hapo sasa una kesi. Endelea kutafuta kwingine kimyakimya, lakini siku 60 zihesabu.

mtunza_stoo:
Kesho naanza kuzipiga picha.

mkaa_tandika:
Piga kabla mpwa hajafika. Una saa nzima.