Tupeane uzoefu: pikipiki ya zamani na kiki inayogoma asubuhi

Wakuu, heshima kwenu. Madogo wa siku hizi wanabonyeza stata, betri ikifa wanapiga simu kwa fundi. Sisi wenye Honda CG na XL na Yamaha DT za enzi hizo, tunaowasha kwa kiki (pedali ya kukanyaga kwa mguu), tupeane mbinu.

Naanza. Honda CG125 yangu ikilala kwenye baridi, nafungua koki ya mafuta, navuta choki (inayobana hewa ili mafuta yazidi), nakanyaga kiki polepole mara mbili tatu kabla ya kuwasha swichi ili ivute mafuta. Halafu naishusha taratibu mpaka igome, naiachia irudi juu, nawasha swichi, nakanyaga mara moja mpaka chini. Ekseleta siigusi. Ukiisokota, hewa inapita kwa wingi na choki uliyovuta haina kazi tena.

*Mdau wa Mafinga:*
Umemaliza mkuu. Niongeze: ukisikia harufu ya petroli, imeshakunywa mafuta hiyo, yaani yamezidi ndani ya silinda. Funga koki, rudisha choki, fungua ekseleta yote, piga kiki mfululizo. Ikikataa, toa plagi, ifute, irudishe kwenye kofia yake, chuma chake ukigusishe kwenye injini uone cheche. Kaa mbali na tundu la plagi, mvuke wa petroli unatoka pale na unashika moto. Gepu (nafasi ya kuruka cheche) ya plagi ya CG ni milimita 0.6 hadi 0.7.

*Mdau wa Mombasa:*
Hizo ni za cc mia na ishirini na tano tu, ndugu zangu. Mimi marehemu baba aliniachia Yamaha XT500, silinda moja ya cc 500, stata haina. Hapo ubabe hausaidii. Chini ya mkono wa klachi kuna kijimkono cha kuachia kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda), na kwenye kichwa cha injini kuna kidirisha kidogo cha kioo. Unashusha kiki mpaka igome kabisa, unabana kijimkono, unaisogeza kidogo tu mpaka alama itokee kwenye kidirisha. Maana yake pistoni imevuka kilele. Achia kijimkono, rudisha kiki juu, sasa shuka nayo kwa uzito wa mwili wote bila kusita. Ukikanyaga nusunusu kabla pistoni haijavuka, inakurudishia teke kama punda. Vifundo vya miguu vimevunjika hivyo. Na ndala, tafadhali, acheni nyumbani.

*Mdau wa Bukoba:*
Haya mateso yenu siyajui. DT yangu ni tustroku (injini ya mipigo miwili), kiki yake naishusha kwa mkono nikiwa nimesimama pembeni 😂

*Mdau wa Mwanza:*
Kiki ikishindikana kabisa, sukumeni. Gia ya pili, siyo ya kwanza, maana ya kwanza tairi la nyuma linagoma na kuburuzika. Bana klachi, kimbia nayo, rukia siti kwa kishindo na papo hapo achia klachi. Ikishika tu, bana tena.

*Mdau wa Kibaha:*
Wakuu naombeni msaada, CG yangu kiki inashuka laini, injini haizunguki. Fundi anataka kupasua injini.

*Mleta mada:*
Asipasue kwanza. Kiki ya CG inapitia kwenye klachi. Angalia waya wa klachi: ncha ya mkono wa klachi ichezecheze kama milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ukiwa umekazwa mno, klachi inateleza na kiki nayo. Legeza nati ya waya, jaribu, utuletee majibu. Ikiendelea hivyohivyo, hapo ndipo mwambie afungue upande wa klachi aangalie sahani.