Chanjo ya mafua (influenza): tupeane uzoefu, hasa tulio Dodoma na Singida

Mama Pacha, Ipagala
Wakubwa shikamoni. Juni mwaka jana baba watoto, ambaye ana pumu, aliondoka mzima asubuhi kwenda kazini Mtumba. Saa nane mchana kichwa, jioni joto 39.4, misuli inamuuma hata shuka likimgusa. Tukadhani malaria, kipimo kikasema hana. Usiku wa nne kifua kikabana, dawa yake ya kuvuta ikagoma, tukatafuta gari kwenye ule upepo wetu wa vumbi na baridi. Alikaa kwenye oksijeni siku tatu. Wakati anaruhusiwa, daktari akauliza kama amewahi kuchanjwa mafua. Nilikuwa sijui hata kama chanjo hiyo ipo. Sasa nataka achanjwe kabla ya baridi, ila mama mkwe anasema sindano ndiyo itakayomletea ugonjwa. Mliochanjwa na mliokataa, naomba mniambie ukweli.

Alhaji wa Kondoa
Nilichomwa kabla ya Hija, pamoja na ile ya uti wa mgongo ambayo ni lazima. Bega liliuma siku mbili kama nimeshinda nabeba magunia ya alizeti, na usiku wa kwanza nilipata homa kidogo. Kule Makka kila mtu anakohoa. Nilikohoa pia, ila sikukosa ibada hata moja. Niliolala nao chumba kimoja walikuwa wawili na hawakuchanjwa hii ya mafua: mmoja alilazwa, mwingine hakuumwa kabisa. Kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni sindano iliyoniokoa.

Kijana wa Nkuhungu
Mimi nilichanjwa kazini, siku ya tano mafua yakanishika, kamasi wiki nzima. Sirudii.

Nesi mstaafu, Makole
Mwanangu wa Nkuhungu, pole, na nakuamini kwamba uliumwa. Ila chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukupa influenza. Kinga nayo huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo siku ya tano ulikuwa bado hujakingwa.

Kinachotuchanganya zaidi ni jina. Kwetu kamasi na chafya ni mafua, na ile iliyomlaza baba wa pacha nayo tunaiita mafua. Kamasi za kawaida huletwa na virusi vingine ambavyo chanjo hii haivigusi. Mtu akichanjwa halafu akapiga chafya, anasema ameibiwa.

Hata kwa influenza yenyewe si ngao kamili. Mwaka ambao chanjo imeoana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza uwezekano wa kuugua hadi kufika kwa daktari kwa kama asilimia 40 hadi 60. Kirusi hubadilika, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupanga upya mchanganyiko mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, na sindano hurudiwa kila mwaka.

Madhara: mkono, homa ndogo, uchovu wa siku moja au mbili. Mzio mkali hutokea kwa kama mtu mmoja katika dozi milioni, kwa hiyo usiondoke, kaa hapo dakika 15. Kuna pia ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, kama mmoja au wawili kwa milioni, na influenza yenyewe nayo huweza kuuleta. Kwa mwenye pumu, mimi naona hatari kubwa iko kwenye influenza kuliko kwenye sindano.

Ukifika, omba uoneshwe boksi, usome tarehe na msimu. Na uliza friji: chanjo hii hukaa nyuzi 2 hadi 8, ikiganda imekwisha. Kwa umeme wetu, uliza bila aibu.

Mjamzito, Kongwa
Kwenye kadi ya mwanangu wa kwanza kuna pentavalenti, ile chanjo moja ya watoto ya magonjwa matano, niliwahi kusikia ina influenza ndani. Si ndiyo hiyo?

Nesi mstaafu, Makole
Hapana mama, iliyomo mle ni ya Hib, yaani Haemophilus influenzae aina b, bakteria aliyebaki na jina la zamani, si kirusi cha mafua. Na chanjo ya mafua mtoto hapewi kabla ya miezi sita. Ukichanjwa wewe ukiwa mjamzito, kinga yako humfikia akiwa tumboni. Zungumza na kliniki yako.

Mkulima wa zabibu, Mpunguzi
Mnasahau hela. Watoto wangu wamepata surua na nyingine zote bure, lakini hii haimo kwenye ratiba ya taifa, unatoa mfukoni, na kila mwaka. Nyumbani tuko sita. Nimelipia mmoja, mama yangu, ana miaka 71 na sukari. Roho inaniuma kwa waliobaki, ila ndicho nilichokuwa nacho.

Mama Pacha, Ipagala
Asanteni sana. Nimemsomea mama mkwe maneno ya nesi yote, mara mbili. Pale pa Guillain-Barré alininyamazisha, akauliza mmoja katika milioni ni wangapi kwa Dodoma nzima. Nikamjibu hata mkoa mzima ukichanjwa, ni watu wa kuhesabu kwa vidole. Akakaa kimya, kisha akasema Jumamosi atamsindikiza mwanawe mwenyewe, na zile dakika 15 watakaa wote. Nitarudi kuwaambia mkono ulikuwaje.